Wafupi Wetu Wako Wapi?

Msikilizaji wangu, nianze na majina. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Bismack Biyombo na Oscar Tshiebwe, wote wawili wa Lubumbashi. Jonathan Kuminga wa Goma. Khaman Maluach, aliyezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala. Hawa wote wametoka ukanda wetu wakafika NBA, ligi kubwa kuliko zote za mpira wa kikapu duniani, na wengi wao ni watoto wa miji ambayo Kiswahili husikika sokoni, kanisani na msikitini.

Sasa tazama vimo vyao. Mutombo alikuwa na mita 2.18. Thabeet ana 2.21. Maluach anamkaribia Mutombo. Biyombo na Tshiebwe wamevuka mita 2. Kuminga, ambaye hucheza mbali kidogo na kikapu kuliko wenzake, naye amevuka mita 2. Ukienda kwa wasichana utakutana na Madina Okot wa Kenya, aliyechezea timu ya Chuo Kikuu cha Zetech kabla ya kwenda chuo cha Mississippi State huko Marekani mwaka 2024, kisha akahamia cha South Carolina. Naye ni senta, mchezaji wa karibu na kikapu, na kimo chake kinakaribia mita 2.

Swali langu jioni hii ni moja: wafupi wetu wako wapi? Yuko wapi kijana wa mita 1.80 kutoka Temeke, Kisumu, Bujumbura au Bukavu ambaye chuo kikuu cha Marekani kilimfuata kwa sababu anajua kuuongoza mchezo? Namsema yule anayeupandisha mpira kutoka nyuma, anayeita mpango wa shambulizi kwa vidole, anayempa mwenzake pasi kabla huyo mwenzake hajajua kama yuko huru. Wachezaji humwita pointi gadi.

Kuna shabiki mmoja ambaye tayari ananijibu huko aliko kwamba nimemsahau Emmanuel Mudiay. Sijamsahau. Mudiay alizaliwa Kinshasa, ni gadi, na mwaka 2015 alichaguliwa wa 7 katika uteuzi wa NBA, na Denver Nuggets. Lakini Mudiay aliondoka Kongo akiwa mtoto mdogo na familia yake, akakulia Texas, na kudunda mpira akajifunzia huko. Gadi pekee ninayeweza kumtaja haraka katika orodha ya watu wetu amefundwa na viwanja vya Texas, na hilo ndilo linalonifanya niulize.

Urefu hauhitaji kutafutwa, unaonekana barabarani. Kisa cha Maluach kinajulikana: alikuwa mtoto mrefu kupita kiasi anayetembea zake Kampala, mpita njia akamwona, akamwambia ajaribu mpira wa kikapu. Alikuwa na miaka 13 hivi, na mwaka ulikuwa 2019. Hakuwa na viatu vya mchezo, akaanza kucheza na kroksi miguuni. Akachukuliwa na akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal. Mwaka 2023, akiwa na miaka 16, alicheza Kombe la Dunia na timu ya taifa ya Sudan Kusini. Mwaka uliofuata akacheza Olimpiki ya Paris, akaingia Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 katika uteuzi wa NBA, akaishia Phoenix Suns. Tangu siku ile ya barabarani hadi NBA ilipita miaka 6 tu.

Namheshimu sana kijana yule, maana kwa miaka 6 alifanya kazi ambayo wengine hupewa miaka 15. Lakini jiulize: siku hiyohiyo, katika mtaa huohuo wa Kawempe, kulikuwa na mtoto wa kimo cha kawaida mwenye jicho kali na mikono myepesi. Mpita njia alimsimamisha? Hakuna anayemsimamisha mtoto wa kimo cha kawaida. Kipaji chake hakionekani akitembea. Kinaonekana akiwa na mpira mkononi mbele ya mtu anayeujua mchezo, tena baada ya miaka ya kuucheza.

Skauti wa kigeni anayekuja kambini hukaa siku chache. Katika siku hizo ataweza kupima kimo, kupima urefu wa mikono, kuona nani anakimbia bila kuchoka na nani anaruka. Hataweza kuona kama mtoto anaisoma safu ya ulinzi. Kwa hiyo anachukua anachokiona, na simlaumu, kazi yake si kutujengea wachezaji. Lawama yangu naileta nyumbani, kwa sababu na sisi tumeyachukua macho ya skauti tukayavaa. Kocha wa sekondari akipokea kidato cha kwanza kipya, anamtafuta mrefu. Mrefu hata kama hajawahi kuushika mpira anapewa jezi, na mwenzake aliyekuwa akicheza tangu darasa la tatu anaambiwa asubiri.

Nataka nizungumze kuhusu Hasheem Thabeet, na nizungumze kwa heshima anayostahili, maana kuna watu wa kwetu wamekuwa wakimsema vibaya kwa miaka mingi. Hasheem alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15. Alisoma Makongo hapa Dar es Salaam, akaenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Misimu mitatu aliyokaa pale haikuwa ya kubahatisha. Mara mbili, mwaka 2008 na 2009, makocha wa vyuo walimtaja mlinzi bora wa taifa lile. Mwaka 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ambayo wakati ule ilikuwa miongoni mwa kanda ngumu kuliko zote, na Connecticut ikafika nne bora. Mwezi Januari mwaka huo, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja. Hiyo ni kazi ya mchezaji, si ya urefu peke yake.

Mwezi Juni Memphis Grizzlies wakamchagua wa 2. Wa 3 alikuwa James Harden. Wa 7 alikuwa Stephen Curry. Hasheem alicheza mechi 224 za NBA, kwa wastani usiofika pointi 3, na mwaka 2014 akatoka katika ligi ile. Tangu hapo kila anapotajwa, watu hutaja na wale waliochaguliwa nyuma yake, kana kwamba yeye ndiye aliyejichagua.

Mimi nahesabu tofauti. Curry ni mtoto wa Dell Curry, aliyecheza NBA misimu 16. Alikulia pembeni mwa viwanja, mpira ukiwa kitu cha kuchezea kabla hajajua kusoma. Alipoitwa jina usiku ule wa uteuzi, alikuwa na mpira mkononi kwa zaidi ya miaka 15. Hasheem alikuwa nao kwa miaka 7 tu. Katika chuo, urefu na ujasiri wake vilitosha. Katika NBA walimtaka pia awe na mikono laini, ajue kuipeleka pasi nje anapobanwa na wawili, ajue kuhama miguu mbele ya mshambuliaji mwepesi. Hayo hujengwa mwilini mtoto akiwa na miaka 8, 9, 10. Utotoni hakuna aliyempa, na akiwa na miaka 22, mbele ya mamilioni ya watazamaji, alidaiwa.

Na Curry mwenyewe? Vyuo vikubwa vilimpita. Walisema ni mwembamba na mfupi kwa mchezaji wa hadhi ile. Ana mita 1.88. Akaenda Davidson, chuo kidogo huko North Carolina, na mwaka 2008 akakifikisha nane bora ya taifa. Kumbe ugonjwa wa kutazama kimo wanao hata wao wenye viwanja kila mtaa. Ila kwao mfupi aliyepitwa na vyuo 20 anapata cha 21, kwa sababu ligi za watoto zipo, mechi zipo, na kuna mtu aliyemwona akicheza kila wiki. Kwetu mfupi aliyepitwa na kocha mmoja wa shule amepitwa moja kwa moja.

Kama unaona natia chumvi, tuangalie majirani zetu wa Sudan Kusini. Nchi ilipata uhuru mwaka 2011. Haikuwa na hata ukumbi mmoja wa ndani wa mpira wa kikapu. Luol Deng, mzaliwa wa Wau aliyepitia Misri na Uingereza kama mkimbizi, akasoma Duke, akacheza NBA kwa miaka mingi, akaja kuliongoza shirikisho na kuikusanya timu kutoka kila pembe ya dunia walikotawanyika watu wake. Tarehe 20 Julai 2024, mjini London, timu hiyo ilikuwa mbele ya Marekani zikiwa zimebaki sekunde chache, mpaka LeBron James alipofunga. Marekani 101, Sudan Kusini 100. Kisha wakaenda Olimpiki wakaifunga Puerto Rico. Niliwashangilia, na bado moyo unanipanda nikikumbuka.

Lakini nani alikuwa akiuongoza mchezo ule wa London? Carlik Jones. Usiku ule alipata pointi 15, ribaundi 11 na pasi za mabao 11. Carlik Jones ni Mmarekani, mzaliwa wa Cincinnati, aliyepewa uraia ili aichezee Sudan Kusini. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kila timu kuwa na mchezaji mmoja wa aina hiyo. Nchi inayosifika kwa watu warefu ilikuwa na nafasi moja ya kuazima, ikaazima pointi gadi. Shirikisho lilifanya uamuzi sahihi, kwa sababu lilijua kinachokosekana. Nchi nyingine za Afrika zimefanya vivyo hivyo, na wengi wanaoazimwa ni magadi.

Halafu kuna Angola. Ningekuwa na saa nzima ningeitumia yote kwa Angola. Waangola si majitu. Tangu mwaka 1989 wamechukua ubingwa wa Afrika wa wanaume mara 12, wa karibuni mwaka 2025 nyumbani kwao, na hakuna nchi nyingine barani inayowakaribia. Mwaka 1992, katika Olimpiki ya Barcelona, waliifunga Hispania mbele ya watu wake kwa pointi 20, 83 kwa 63. Mchezaji bora wa mashindano ya Afrika ya 2025 alikuwa Childe Dundão, gadi ambaye kimo chake hakifiki hata mita 1.75. Huyo ukipanda naye daladala humtazami mara mbili. Mwaka mmoja kabla alikuwa na klabu ya Petro de Luanda ilipotwaa ubingwa wa BAL, ligi ya klabu ya Afrika.

Siri yao iko wazi. Petro na Primeiro de Agosto ni klabu zenye timu za watoto za kila umri, na mtoto hupanda ngazi kwa ngazi na kocha anayemjua jina. Gadi wa Angola akifika miaka 18 amecheza mamia ya mechi zenye mwamuzi, saa na matokeo. Amefanya makosa yake yote ya kitoto akiwa mtoto. Mchezo huu unakupa sekunde 8 kuuvusha mpira katikati ya uwanja na sekunde 24 za kutupa. Kuamua ndani ya sekunde hizo, ukizongwa, kocha akipiga kelele na mwenzako akiwa amesahau mpango, hakufundishwi ubaoni.

Nije nyumbani kwetu. Ukipita Don Bosco Upanga jioni, au viwanja vya Kidongo Chekundu pale Bustani ya Vijana ya Jakaya Kikwete, utawakuta watoto, tena wengi, tena wenye hamu. Sisemi hakuna kinachofanyika. Kuna makocha wanaofundisha bila malipo miaka nenda rudi, na nchi hii haijawahi kuwashukuru ipasavyo. Ninachokiona ni mambo mawili ambayo hayahitaji serikali wala mfadhili ili yarekebishwe.

La kwanza ni ringi na mpira. Ringi ya wakubwa iko mita 3.05 kutoka chini. Shirikisho la kimataifa, FIBA, linaelekeza watoto wa chini ya miaka 12 wacheze kwenye ringi ya mita 2.60, kwa mpira namba 5. Sisi tunampa mtoto wa miaka 9 mpira namba 7 wa wanaume na ringi ya wanaume. Hawezi kuufikisha kwa mkono, kwa hiyo anautupa kutoka kiunoni kwa mikono miwili, mgongo umejipinda. Anajifunza kosa, kosa linamkaa, na akifika sekondari kocha anasema hana mtupo. Anayefaidika na ringi ya juu ni mtoto mmoja tu, yule mrefu. Tumejenga mazingira ambayo tangu utotoni mfupi anaambiwa mchezo huu si wake.

La pili ni lile agizo la kocha kwa mtoto mrefu: simama chini ya kikapu, usidunde mpira, ukipata mpe mwenzako. Agizo hilo hushinda mechi ya Jumamosi na kumharibu mchezaji. Anthony Davis, mmoja wa wachezaji wakubwa wa kizazi hiki, alikuwa gadi wa kimo cha kawaida shuleni kwao Chicago. Katikati ya sekondari akarefuka ghafla kama sentimita 20. Alipokuwa mrefu alibaki na mikono ya gadi, ndiyo maana vyuo vikamgombania. Mtoto wa miaka 12 hujui ataishia kimo gani. Wote wadunde, wote wapige pasi, wote wapandishe mpira. Akirefuka, amebeba ustadi wake. Asiporefuka, anao vilevile.

Na wasichana, jamani. Karibu kila shule ya msingi ina timu ya netiboli. Katika netiboli hakuna kudunda, na ukishika mpira una sekunde 3 uwe umeshautoa, na mguu wako ukiuburuza filimbi inalia. Maana yake binti wa darasa la sita aliyecheza netiboli kwa bidii tayari anaona uwanja, tayari anaamua haraka, tayari miguu yake ina adabu. Robo tatu ya ugadi anayo. Amebakiza kudunda na kutupa. Huko Kwale, Kenya, wasichana wa shule ya Kaya Tiwi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba timu ya shule ya Pwani inaweza kutikisa mpira wa kikapu wa Afrika Mashariki nzima. Ningependa kuona makocha wa kikapu wakienda kuketi kwenye mechi za netiboli za msingi na kuwatazama wale mabinti wadogo wa katikati, si yule mrefu wa kufunga peke yake.

Sasa nizungumze na mzazi, hasa mzazi ambaye mtoto wake ameshaanza kupigiwa simu.

Kama mtoto wako ni mrefu, kazi yako kubwa ni kumlinda. Simu zitakuja, na si kila anayepiga ana shule. Mwaka 2018 mwenye shule moja binafsi huko Charlotte, North Carolina, alikiri kosa mahakamani kuhusiana na vijana wa kigeni walioandikishwa kwa nyaraka za shule yake huku wengi wakiishi na kuchezeshwa kwingine. Watoto wa namna hiyo wako nchi ya watu bila darasa, bila mlezi wa kweli, na viza yao imeharibika bila wao kujua. Kwa hiyo uliza jina kamili la shule iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20, maana hiyo ndiyo shule ambayo viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, inamruhusu kusoma, na si nyingine. Ongea na mwalimu mkuu, si na wakala tu. Uliza mtoto atalala nyumba ya nani. Uliza akiumia goti mwezi wa pili, nani atamtibu na nani atalipa tiketi ya kumrudisha. Anayekasirishwa na swali la goti, mwache aende zake.

Hata wale waliofanikiwa walipita njia nyembamba. Tshiebwe alitoka Lubumbashi, akapita sekondari mbili, West Virginia, kisha Kentucky, na mwaka 2022 akatajwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima kwa wastani wa ribaundi 15 kila mechi. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya majina na sura zao. Wenzake walilipwa. Yeye, kwa sababu ya viza ya F-1 inayombana mwanafunzi wa kigeni asifanye kazi, ilibidi asubiri timu ilipokwenda Bahamas mwezi Agosti 2022, akafanya shughuli zake za matangazo akiwa nje ya ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa taifa zima! Sasa mzazi anaposikia kwamba tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20 na nusu kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza, asidhani mwanawe ataanza kutuma hela nyumbani muhula wa kwanza. Kwa mtoto wa viza ya F-1 mlango huo una kufuli yake.

Kama mtoto wako ni wa kimo cha kawaida, hakuna atakayepiga simu, kwa hiyo yeye ndiye atakayeandika barua. Hapo ndipo cheti kinapoingia. Kwa ngazi ya juu ya vyuo, NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari: Kiingereza, hisabati, sayansi, sayansi ya jamii na mengineyo, kwa wastani usiopungua 2.3. Kocha akimpenda mrefu ambaye masomo yake yana mapengo, atahangaika kumtafutia njia. Kwa mfupi hatahangaika. Mfupi lazima awe amefaulu siku ileile anayoandika barua ya kwanza. Tena kanuni zimekuwa zikihesabu muda: aliyemaliza sekondari akapitisha zaidi ya mwaka mmoja akicheza mashindano rasmi kabla ya kujiunga na chuo anaweza kukatwa misimu yake. Wengi wetu huwaambia vijana wasubiri, wajijenge kwanza mwili, wakati saa yao inakwenda. Kanuni hizi hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo iulizwe NCAA yenyewe na chuo chenyewe.

Na ushindani umekuwa mkali zaidi kuliko zamani. Siku hizi mchezaji wa chuo anaweza kuhama chuo kimoja kwenda kingine bila kukaa msimu nje. Kocha mwenye nafasi 15 za timu anapenda kumchukua mtu wa miaka 22 aliyekwishakomaa kuliko kijana wa miaka 18 asiyewahi kumwona akicheza. Hata kwa watoto wa Marekani wenyewe, kati ya wavulana 100 wanaocheza sekondari, wanaofika vyuo vya NCAA ni 3 au 4. NBA inachagua watu wasiozidi 60 kwa mwaka kutoka dunia nzima.

Ndiyo maana nawapenda vijana waliopitia vyuo vya miaka miwili, ambavyo huku havitajwi kabisa. Tylor Ongwae wa Kenya alianzia Ranger College, Texas, akahamia Louisiana Monroe, akamaliza, akaenda kucheza Ulaya kwa mshahara, akawa nguzo ya Bakken Bears ya Denmark. Hakuwahi kucheza NBA. Februari 2021, katika sekunde ya mwisho, alitupa mpira uliowafunga Angola 74 kwa 73, Angola hao hao ninaowasifu, na Kenya ikarudi mashindano ya Afrika ambayo haikuyaona tangu 1993. Huyo ni mtu aliyefaulu. Na Mutombo, kabla ya tuzo zake nne za mlinzi bora, alikwenda Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson akamwingiza kwenye timu, lakini darasani hakutoka. Akahitimu isimu na diplomasia mwaka 1991. Hospitali aliyoifungua Kinshasa mwaka 2007 kwa jina la mama yake, Biamba Marie, ilijengwa na mtu aliyejua kuzungumza na mawaziri na wafadhili kwa lugha zao.

Nirudi kwa wafupi, nimalizie na ombi langu kwa vyama vya mikoa, kwa sababu hawa hawategemei skauti yeyote. Mechi za ligi za mikoa huchezwa jioni na mwisho wa wiki, waamuzi wapo, meza ya alama ipo, watu wapo. Kabla ya mechi ya kwanza ya wakubwa iwekwe mechi moja ya watoto wa chini ya miaka 12. Ringi mbili za kuhamishika za mita 2.60 fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kuzitengeneza. Mipira iwe namba 5. Kila mtoto acheze angalau robo moja nzima, na kila mtoto apewe zamu ya kuupandisha mpira, mrefu na mfupi, wa kike na wa kiume. Majina yao yaandikwe kwenye karatasi ya mechi kama ya wakubwa, na karatasi hizo zihifadhiwe, ili baada ya miaka 6 kocha wa chuo akiuliza kijana huyu amecheza mechi ngapi, awepo mtu wa kumjibu.